Uongozi wa Hospitali si Ukubwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tanga, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kuhudhuria.)



Kwanza kabisa twatoa shukrani kwa Halmashauri ya Chama kwa kutupa nafasi ya kusema machache juu ya jambo hili la uongozi katika hospitali na zahanati zetu. Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine hamjala. Kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe.

Yamkini mtu atauliza, Makarani wana nini na uongozi wa hospitali? Je, hilo si la waganga wenyewe? Jibu letu ni mambo mawili. La kwanza, hakuna hata mmoja katika chumba hiki ambaye hakupata kulala hospitali, au kulaza mtoto wake, au kumpeleka mzazi wake. La pili, hakuna hospitali iendayo bila kalamu. Mgonjwa akiingia, huandikwa kabla hajatazamwa. Na akitoka, awe mzima au awe maiti, huandikwa tena. Dawa huja kwa karatasi, hutolewa kwa karatasi, na zikipotea hutafutwa katika karatasi. Basi mwenye kushika karatasi hana haki ya kusema kwamba uongozi wa mahali pale haumhusu.

Mji wetu wa Tanga umelijua neno hili kiongozi tangu zamani. Wakati wa Wadachi, gazeti la Kiswahili lililopigwa chapa hapa katika shule ya Serikali liliitwa Kiongozi, nalo lilisomwa pwani na bara, hata Vita Kuu ya kwanza ilipolikomesha. Waliolipa jina lile hawakuliita Mkubwa. Nasi twaona walichagua vema, maana maneno haya mawili hayafanani. Mkubwa aweza kukaa kitini mwaka mzima asiende popote, na ukubwa wake usipungue. Walakini kiongozi ni mtu atanguliaye njiani. Huona mwiba kabla ya wenziwe, na akiisha kuuona huwaambia. Asipotangulia, au akiona asiseme, jina lile humtoka.

Sasa tutazame hospitali za pwani hii zilivyozaliwa. Wadachi walijenga hospitali yao Bombo, juu ya ukingo wa bahari. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliikuta, wakaiendesha kwa desturi yao. Desturi ile ilikuwa ngazi: daktari Mzungu juu, msaidizi wake Mhindi katikati, na dresa Mwafrika chini. Amri ilishuka ngazi ile kila siku, bali habari haikupanda illa kwa nadra. Huko mashambani, katika miaka ya 1920, Dr. Shircore, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga ya Tanganyika, alianzisha mpango wa madresa wa zahanati za wenyeji, waliolipwa na hazina za Serikali za wenyeji. Dresa yule alifundishwa kwa muda mfupi, akapewa dawa chache na daftari, kisha akaachwa peke yake na watu maelfu. Alikuwa mganga, karani, mfagiaji na mshauri. Alikuwa kiongozi kwa kazi, bali hakuitwa kiongozi na mtu ye yote.

Twasema haya si kwa kuwalaumu waliokufa. Twasema kwa sababu urithi ule haukwisha bendera ilipobadilika mwaka 1961. Tulirithi mambo mawili: katika hospitali kubwa tulirithi ngazi ya amri, na katika zahanati ndogo tulirithi upweke. Mengi tunayoyaita uongozi mbaya leo ni watoto wa mambo hayo mawili.

Ndugu, maneno matupu hayavunji mfupa. Kwa hiyo twataka kuleta ushahidi, nao ushahidi wenyewe umetoka katika nchi yetu hii ya kaskazini na mashariki, Tanga na Kilimanjaro.

Mwaka 2004 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za upande huu kwa muda wa mwaka mmoja. Wagonjwa waliolazwa katika hospitali zile walikuwa 17,313. Katika hao, 4,474 walikuwa wametibiwa kwa malaria na hali yao ilihesabiwa kuwa kali. Wachunguzi wakatwaa damu ya kila mmoja, wakaitazama kwa hadubini kwa uangalifu. Vimelea vya malaria vilionekana kwa watu 2,062 tu, yaani 46 katika kila 100. Hao wengine 2,412, ambao ni zaidi ya nusu, hawakuwa na vimelea hata kidogo. Walikuwa na ugonjwa mwingine, nao walikuwa wakinyweshwa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Tena sikilizeni neno la kuhuzunisha zaidi. Katika wale wenye malaria kweli, walikufa kama 7 katika 100. Katika wale wasio na malaria, walikufa 12 katika 100. Wengine katika hao walikuwa na maradhi ya bakteria, ambayo dawa yake ipo na hujulikana, bali si wote waliopewa dawa ile, kwa kuwa jina la malaria lilikuwa limekwisha kuandikwa juu ya cheti, na jina likiisha kuandikwa watu huacha kutafuta.

Je, waganga wale walikuwa wajinga? Hasha. Walikuwa watu waliosoma, na wengi walifanya kazi usiku na mchana kwa mshahara mdogo. Je, hawakuwa na hadubini? Zilikuwapo. Bali desturi ilikuwa na nguvu kuliko hadubini. Mganga alifundishwa tangu chuoni kwamba homa ya pwani ni malaria. Mama wa mtoto alitaka malaria. Na mtu wa maabara, aliyekaa katika chumba chenye joto na kioo chenye ukungu, alijua kwamba jibu lake halisomwi kwa moyo. Mtu akijua kwamba kazi yake haisomwi, hupunguza uangalifu wake. Na uangalifu ukipungua, mganga hupata sababu ya kutoiamini. Hivyo shaka ilizaa uzembe, na uzembe ukazaa shaka, wala hapakuwa na mtu wa kuukata mduara ule. Hapo ndipo kiongozi alipokosekana.

Wako waliosema, Tatizo ni chombo. Leteni chombo kipya. Basi vikaletwa vipimo vya haraka, vile ambavyo tone moja la damu hutoa jibu kwa dakika chache, pasipo hadubini. Vikajaribiwa katika hospitali 3 za upande huu huu, na habari zake zikachapishwa mwaka 2007. Nini kilionekana? Katika wagonjwa walioambiwa na kipimo kwamba hawana malaria, zaidi kidogo ya nusu waliandikiwa dawa ya malaria vile vile! Chombo kilikuwa kipya, bali njia iliyopitiwa na habari kutoka maabara hadi mkono wa mganga ilikuwa ile ile ya zamani.

Kisha likaja jaribio la tatu, nalo ndilo litupalo moyo. Katika zahanati 36 za Muheza na Kilimanjaro, watumishi walikusanywa katika vikundi vidogo, wakazungumza wao kwa wao jinsi wanavyotibu homa, na kwa nini huogopa kuliamini jibu la kipimo. Hawakusomewa amri. Baada ya mazungumzo wengine waliendelea kuletewa habari kwa simu za mkononi, wakiambiwa matokeo ya kazi yao wenyewe. Na wengine wagonjwa wao nao walielezwa kwa karatasi na picha. Habari zake zilichapishwa mwaka 2015, nazo zilionyesha kwamba dawa ya malaria iliyotolewa bila haki ilipungua.

Tuyapime mambo haya matatu. Maarifa peke yake hayakutosha. Chombo peke yake hakikutosha. Kilichosaidia ni watu kuketi pamoja, kusema wazi, na kurudishiwa hesabu ya kazi yao. Mambo hayo hayahitaji jengo jipya wala mgeni kutoka ng'ambo. Yahitaji mtu mmoja mwenye kuyaanzisha na kutochoka. Huyo ndiye tumwitaye kiongozi wa hospitali.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka 1847 katika mji wa Vienna, daktari mmoja jina lake Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha bila kutakasa mikono. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikufa 18 katika 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu. Ushahidi gani mwingine wahitajika? Walakini wakubwa wengi hawakumwamini. Naye kwa miaka mingi hakuandika kitabu cha kuwaeleza, na alipoandika aliwatukana waliompinga, akawaita wauaji. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu, na kweli yake ikakaa miaka mingi pasipo kufuatwa. Twamheshimu kwa alichokiona. Bali tujifunze ya kwamba kujua ni nusu ya safari, na nusu ya pili ni kuwapata watu waende pamoja nawe.

Sasa twaja katika jambo lililo karibu zaidi na meza zetu, nalo ni fedha. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 Serikali ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, badala ya kuzizuia katika halmashauri za wilaya. Neno hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Zamani mganga mfawidhi wa zahanati akitaka kitasa cha mlango wa stoo aliandika barua wilayani, akangoja. Sasa fedha ziko mkononi mwake, pamoja na kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo watu wa kijiji. Ule upweke wa dresa tulioutaja umepata dawa. Bali dawa hiyo yaweza kuwa sumu isiponywewa kwa kipimo. Muuguzi aliyefundishwa kuzalisha na kuchoma sindano hujikuta ghafula ni mweka hazina. Mkulima aliyechaguliwa katika kamati kwa uaminifu wake huwekewa mbele yake karatasi yenye safu saba za hesabu, akaambiwa, Tia sahihi hapa. Naye hutia, kwa kuwa huona haya kuuliza.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Twapenda kuongeza kwamba katika zahanati haipotei mali peke yake. Katika zahanati moja, ambayo hatutaitaja jina wala wilaya yake, daftari la stoo lilionyesha kwamba dawa ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua ipo. Kwa kuwa daftari lilisema ipo, haikuagizwa. Kumbe dawa ile ilikuwa imeazimwa na kituo jirani wiki tatu nyuma, na aliyeitoa hakuandika, maana hapakuwa na safu ya kuandika kilichoazimwa. Usiku mama mmoja alipojifungua na damu isikatike, mkunga alifungua kabati akakuta nafasi tupu. Mama yule alichukuliwa kwa pikipiki gizani mpaka hospitali, naye alipona kwa neema ya Mungu. Hakuna mwizi katika habari hii, wala mlevi, wala mtu mbaya. Ila mstari mmoja haukuandikwa, na hapakuwa na kiongozi wa kuuliza kila Jumatatu, Je, kilichomo kabatini ndicho kilichomo daftarini?

Tena uongozi ni kusikia hata kwa mtu ambaye cheo hakimpi haki ya kusikilizwa. Mwanzo wa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu na dawa hazijapatikana, madaktari wa upande wetu huu walikubali kushirikiana na mganga wa jadi wa Pangani, Mzee Waziri Mrisho, aliyejua miti iliyowapa wagonjwa nafuu katika vidonda na maradhi yaandamanayo na ugonjwa ule. Kutokana na ushirikiano huo kikakua chama kilichojulikana kama Tanga AIDS Working Group, kilichowafuata wagonjwa hata majumbani mwao. Miti ile haikuponya ugonjwa wenyewe. Dawa za kuufifisha zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Lakini fikirini daktari mwenye shahada, anamkaribisha mzee wa miti mbele ya wenziwe. Alijua kwamba watachekwa. Na bila tendo lile wagonjwa wangalijificha kwa waganga wa jadi, na hospitali isingalijua habari zao. Msemo wetu husema, Mkubwa ni jalala: kila kitu hutupwa kwake, kizuri na kibaya, naye hupokea. Asiyetaka kupokea asikae mahali pale.

Hapa twataka kusema neno ambalo huenda wengine wasilipende. Desturi yetu ni kumtwaa mpasuaji aliye bora, au tabibu aliye hodari, na kumpa ukubwa wa hospitali kama zawadi. Mara nyingi siku ile twapoteza mpasuaji, wala hatupati kiongozi. Mikono iliyokuwa ikiokoa watu hushinda ikitia sahihi vyeti vya mafuta ya gari. Hatusemi kwamba daktari asiongoze. Wako madaktari waliozaliwa na kipawa hicho, na mambo ya tiba lazima yaamuliwe na wenye elimu ya tiba. Twasema kwamba uongozi nao ni kazi ya kufundishwa, kama vile kushona kidonda kunavyofundishwa. Katika nchi yetu wako Makatibu wa Afya, watumishi ambao elimu yao hasa ni uendeshaji, na Chuo Kikuu cha Mzumbe hufundisha elimu hiyo. Mahali ambapo Katibu wa Afya huheshimiwa, daktari hupata nafasi ya kurudi wodini. Mahali ambapo hufanywa tarishi wa daktari, wote wawili huharibikiwa na kazi. Vijana wetu makarani waitazame njia hiyo, wajifunze, waiingie.

Wako watakaotupinga wakisema, Ninyi mwazungumza uongozi, ilhali wauguzi hawatoshi, nyumba za watumishi hazitoshi, na dawa huchelewa kutoka Bohari. Uongozi utazaa wauguzi? Ndugu, hoja hiyo ni ya haki, nasi hatutaki kuipita kwa maneno matamu. Uongozi hauzai muuguzi hata mmoja, wala haufai kutumiwa kama kifuniko cha kumnyima mtumishi haki yake. Lakini tazameni mfano huu. Serikali ilipoanza kuvipima vituo vyake vya msingi na kuvipa nyota, katika duru ya kwanza ya 2015/16, vituo 34 katika kila 100 havikupata nyota hata moja. Katika duru ya pili ya 2017/18, vilivyobaki bila nyota vilikuwa 4 tu katika 100. Na vilivyofika nyota 3 au zaidi vilipanda kutoka 2 hadi 20 katika 100. Mambo mengi yaliyopimwa yalikuwa ya utaratibu: je, kamati hukutana? Je, bei za huduma zimebandikwa mahali pa kuonekana? Je, malalamiko ya wagonjwa husomwa? Katika miaka miwili wauguzi hawakuongezeka mara kumi. Kilichoongezeka ni mtu kuuliza na mtu kujibu. Tena aliyepanga kazi yake vema akilia kwamba watu hawatoshi, ana hesabu ya kuonyesha. Na asiyepanga akilia kilio kile kile, hana la kumwonyesha mkubwa wake ila machozi.

Wala tusiwe watu wa kujisifu. Kalamu nayo yaweza kuua. Iko namna ya ukarani ambayo hujaza kila safu na haioni mgonjwa. Taarifa ya mwezi hupendeza macho, na mstari wa mapokezi umefika mlangoni. Karani anayemwambia mama mwenye mtoto moto, Rudi kesho kwa kuwa kadi zimekwisha, huyo amelisahau daftari lilikuwa la nini. Twaandika ili mtu atibiwe. Kama kuandika kumezuia kutibu, basi kwanza atibiwe, kisha tuandike.

Sasa twaja katika shauri letu. Tarehe 24 Machi 1922, hapa hapa Tanga, Bwana Martin Kayamba na makarani wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, Tanganyika Territory African Civil Services Association. Walikuwa Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali, waliounganishwa na kazi na elimu. Hawakuwa wakubwa wa kitu cho chote katika Serikali ile; aliye juu yao wote alikuwa karani. Lakini waliona kwamba mtu aliyesoma ana deni, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kukutana, kusoma pamoja na kufundishana. Hawakungoja kupewa vyeo ndipo waongoze. Nasi tumerithi meza zao na mji wao. Si vema kuacha deni lao.

Basi twaleta mbele ya Chama mambo manne, nanyi mtayapima.

La kwanza, kila tawi lijitolee jioni mbili kila mwezi kuwafundisha wajumbe wa kamati za zahanati zilizo karibu jinsi ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi, mpaka mkulima aweze kusema bila hofu, Safu hii sikuielewa, sitatia sahihi.

La pili, wanachama walioko katika hospitali washike desturi ya kulinganisha daftari na kabati kila juma, na kuandika hata kilichoazimwa. Kama hakuna safu, na wachore safu.

La tatu, kila mwezi hesabu zilizokusanywa zirudishwe kwa waliozifanya. Tumezoea kuzipeleka juu, wilayani na mkoani, na huko hukaa. Muuguzi aliyezalisha akina mama 40 ana haki ya kuambiwa wangapi walipona, na mtu wa maabara ana haki ya kujua jibu lake lilifuatwa mara ngapi. Kazi hii yaweza kufanywa na karani kwa karatasi moja ubaoni.

La nne, Halmashauri ya Chama iandike barua ya heshima kwa wahusika, ikiomba kwamba mtu asipewe kuongoza hospitali au kituo cha afya kabla hajafundishwa kuongoza, na ya kwamba Makatibu wa Afya wapewe kazi iliyo yao.

Hatutazami kwamba mambo haya yatamaliza taabu za hospitali zetu. Nahodha hodari hazuii tufani. Lakini abiria wana haki ya kudai kwamba chombo kiwe na nahodha, na kwamba nahodha yule amsikie baharia wa mbele akisema, Naona mwamba.

Bwana Rais, twaomba maswali, na baada ya maswali twaomba shauri la kwanza lipigiwe kura usiku huu huu, maana hilo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu.